Niliulizwa moto au baridi, nikajibu kwa kujiamini

Mie na pilipili hatuivani. Naanza na hilo kabisa ili mkifika kule chini msije mkasema nilijitakia.

Kwetu ni Tanga, Ngamiani, na mama yangu ni muuza bajia. Bajia za kunde, sio zile za dengu. Toka sijaanza shule kila jioni karai liko barazani, na pembeni ya beseni la unga kuna kibakuli kidogo kimefunikwa na sahani, hicho ndo cha kwangu, hakina pilipili. Wadogo zangu wote wanakula za pilipili, wateja wanakula, hadi mtoto wa jirani ambaye meno ya mbele yalikuwa bado hayajaota alikuwa anakula, ila mie kaka mtu nakula za kwangu peke yangu na mtaa mzima wanaziita bajia za mgonjwa. Sioni aibu. Kila mtu na ulimi wake.

Sasa mwaka juzi nikapata kozi ya miezi sita Salvador, ndo mji mkuu wa jimbo la Bahia kule Brazil. Dar mpaka Addis, Addis mpaka São Paulo siti ya katikati huku baba mmoja kanilalia bega la kulia na mwingine la kushoto, São Paulo mpaka Salvador, nimefika miguu imeumuka kama maandazi.

Siku ya pili tu nikaaibika. Kule kuna migahawa ya kilo, unajipakulia mwenyewe chochote unachotaka alafu sahani inapandishwa kwenye mzani unalipia uzito. Mie mtoto wa shughuli, nimeona chakula kimepangwa kama harusi ya tajiri nikajaza mbavu za ng'ombe na vipande vitatu vya tikiti maji. Yaani nimelipia mifupa na maji. Dada wa mzani akaangalia sahani, akaniangalia mie, akarudi tena kwenye sahani. Wenyeji wao walikuwa wametia wali kidogo, maharage, na sukuma wiki iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, na juu yake wananyunyizia kitu fulani cha rangi ya dhahabu kama chenga za mkate. Nikajua ni karanga za kutwanga. Nikachota kijiko cha chakula kimejaa mpaka kinamwagika, nikatia mdomoni hivyohivyo.

Ile inaitwa farofa. Ni unga wa muhogo umekaangwa, mkavu kuliko vumbi la Dodoma, na unatakiwa uchanganyike na maharage taratibu kama watu wenye akili zao. Sasa sekunde hiyohiyo mwalimu wangu kapita na sahani yake kanisalimia, na kwa malezi ya kwetu mkubwa akikusalimia humsubirishi, nikafungua mdomo nikamuitikia. Wingu lililotoka pale sitalisahau. Na shati lake lilikuwa la bluu iliyokoza.

Lakini ndani ya wiki mbili nikaanza kujiona mwenyeji, na hapo ndo palipoharibika. Kwa sababu kila nikigeuka naona vitu vya kwetu. Madafu yapo, wanayalaza kwenye barafu, anatoboa anatia mrija unakunywa umekaa ufukweni. Juisi ya miwa ipo, mashine ileile, kelele ileile, nyuki walewale. Muhogo ndo usiseme, asili yake ni hukohuko Amerika Kusini, Wareno ndo walituletea. Korosho nayo hivyohivyo, najua watu wa Mtwara watanuna ila mkorosho ni mti wa Brazil, na wenzetu wala hawababaiki sana na korosho yenyewe, wanapenda bibo, wanalikamua juisi wanakunywa watoto kwa wakubwa, lile bibo ambalo kwetu ukiona mtu anakusanya ndoo nzima unajua kuna uraka, pombe ya mabibo, unaandaliwa. Kuna mchuzi wao wa samaki unaitwa moqueca, unapikwa kwenye chungu kwa tui la nazi na mawese, na pembeni wanakuwekea kitu kinaitwa pirão, supu ya samaki imesongwa na unga wa muhogo. Nikaonja nikaweka kijiko chini. Bada! Bada laini kabisa la bibi yangu, limevuka bahari limebadilisha jina.

Nikampigia mama usiku ule nikamwambia mama huku ni Tanga, tofauti wanaongea Kireno.

Na Kireno chenyewe nikaona mbona rahisi, nusu tunacho. Bendera ni bandeira, leso ni lenço, karata ni cartas, mvinyo ni vinho, na meza wanaandika "mesa" ila ukiwasikia wanatamka meza vilevile kama sisi. Hiyo ya meza niliipenda sana, nilikuwa namuonesha kila mtu, nagonga meza nasema meza, wanashangaa, wananipigia makofi. Ikumbukeni hiyo.

Mwalimu wangu wa Kireno cha mtaani alikuwa jamaa wa Msumbiji tuliyepanga naye nyumba moja, kwao Pemba, ile ya Cabo Delgado sio ya kwetu ya karafuu. Kiswahili anaelewa vizuri tu maana kwao wanaongea Kimwani, ni kama mtoto wa shangazi yake Kiswahili. Nikamweleza tatizo langu la pilipili siku ya kwanza kabisa, nikamwambia ndugu yangu nifundishe hili kabla ya hata kuulizia choo. Akasema hilo dogo, kabla hujala chochote uliza "tem piripiri?", yaani kuna pilipili, unaona, neno lenyewe ni lenu. Na hakunidanganya, Msumbiji ndivyo wanavyosema, piripiri. Tatizo letu lilikuwa moja, hatukuwa Msumbiji.

Basi ikafika Ijumaa moja. Nimetoka kuswali, nimevaa kanzu nyeupe mpya aliyonishonesha mama kwa ajili ya safari, na Salvador Ijumaa watu wengi wanavaa nyeupe kwa sababu zao za kimila, kwa hiyo nikapita mjini naonekana kama nimezaliwa kule. Wazee wananiinamishia kichwa. Jamaa akasema twende Rio Vermelho ukaone kitu, mie nikajua ni muziki.

Harufu ilinikuta kabla sijaona kitu. Mawese ya moto. Kama ushawahi kufika Kigoma unajua ninachosema, harufu inayokushika kola. Kwenye uwanja pale kuna mama kakaa, mama mtu mzima, mwili umejaa, kilemba cheupe, sketi nyeupe ya kufuma imetanuka kama chandarua, shanga shingoni tabaka kwa tabaka, na mbele yake meza ya vyakula na sufuria pana la mawese linachemka rangi ya machungwa. Pembeni ana chungu cha unga mweupe, kaushika mwiko anaupiga, anaupiga, anaupiga, unaumuka, anachota bonge kwa kijiko analilainisha analitumbukiza. Chiiii.

Nikasimama. Ule unga ninaujua. Ule mpigo wa mwiko ninaujua, nimelala nausikia miaka ishirini.

"Bajia!" nikapiga kelele. "Kaka, hizi bajia! Bajia za kunde!"

Jamaa akacheka akasema zinaitwa acarajé. Na ni kunde kweli, zile zenye jicho jeusi, zinalowekwa, zinamenywa maganda, zinasagwa na kitunguu na chumvi, basi. Walikuja nazo Wayoruba walioletwa utumwani, Nigeria mpaka leo wanaziita akara. Hao akina mama wanaitwa baiana, kazi yao serikali imeiandikisha kuwa urithi wa taifa tangu 2005, na akanihadithia kwamba kabla ya Kombe la Dunia la 2014 FIFA ilitaka wasiuze kwenye uwanja wa Fonte Nova na maeneo yake, akina mama wakaja juu mpaka FIFA yenyewe ikalegeza. FIFA! Sasa hiyo shikeni pia, muone nilienda kumtukana nani.

Jamaa akasema nisubiri, ngoja nivuke barabara nikachukue madafu, usiagize mpaka nirudi.

Ningemsikiliza leo hii nisingekuwa na hadithi.

Foleni ilikuwa ya watu sita hivi. Nikapanga. Najiambia mie mtoto wa muuza bajia, niagiziwe bajia? Nani kakwambia. Zamu yangu ikafika, mama akanitazama juu mpaka chini na kanzu yangu, akatabasamu akasema "Diga, meu rei." Meu rei maana yake mfalme wangu, Bahia wanaitana hivyo kila siku kama sisi tunavyosema bosi, ila mie sikulijua hilo, nikajua ni kanzu. Nikanyoosha mgongo. Nikatabasamu kifalme. Nikauliza kwa sauti ya mtu msomi:

"Tem piripiri?"

Tabasamu likakatika.

"Piriri?!"

Nikaona hajasikia vizuri, mafuta yanachemka, watu wanaongea. Nikaongeza sauti na ishara, nikazungusha kidole juu ya zile bajia zote, karai zima, nikajishika na tumbo kuonesha kwamba mie tumbo langu haliwezi. "Piripiri! Tem?"

Foleni yote ikanyamaza. Mama akaweka mwiko chini. Akashika kiuno. Akasema maneno mengi kwa haraka, nikakamata mawili matatu, "oxente", "Deus me livre", na mwisho akanyoosha kidole hewani akasema kwa mkazo neno kwa neno: "Aqui tem piriri NÃO!"

Hapa hakuna. Ah! Nikafurahi. Nikasema moyoni huyu mama ana msimamo, hapendi pilipili kama mie, hadi amekasirika kuulizwa. Nikamnyooshea dole gumba la kumpongeza. Akanitazama kama anayetafuta mahali mtu amevunjika.

Basi akavuta pumzi, akachukua bajia moja, na hapa niseme bajia yao sio hizi zetu za kutia tatu mdomoni, ni kubwa kama ngumi ya fundi, akaichana katikati kwa kisu kama anayetaka kutia mshikaki, akaniuliza:

"Quente ou frio?"

Quente wanatamka kama "kenchi". Hili nilikuwa nalijua, liko kwenye ile programu ya simu somo la nne, kahawa ya moto, maziwa ya baridi. Sasa mtu mzima anakuuliza bajia unataka ya moto au ya baridi, nani anakula bajia iliyopoa? Kwetu bajia ikipoa anapewa mgeni asiye na taarifa. Nikasema "Quente!" Alafu nikaona nimwoneshe kwamba na mie wa kwenye fani, sio mtalii, nikapandisha mkono nikataka ya moto sana:

"Muito quente!"

Nyuma yangu kwenye foleni mtu akasema "Eita." Mama akainua nyusi. "Muito?" Nikasema "Muito, muito!" Dole gumba tena. Akamuita binti anayemsaidia aje aone. Binti akaja akasimama. Mama akachota kwenye kibakuli kidogo chenye kitu cheusicheusi chenye mafuta, akapaka ndani ya bajia, akanitazama, mie nikaitikia kwa kichwa, akapaka tena, nikaitikia, mara ya tatu. Nikajua ni ukwaju. Wallahi nilijua ni chatne ya ukwaju. Baada ya hapo akatia vatapá, ni rojo la mkate na kamba na karanga na tui, akatia bamia, akatia kachumbari, akamalizia na kamba wakavu wazima na maganda yao. Kitu kizuri kama bibi harusi.

Nikalipa. Nikasogea hatua mbili. Bismillahi. Nikafungua mdomo wote nikaing'ata robo nzima.

Sekunde ya kwanza ilikuwa Tanga. Kweli kabisa, ganda la nje linavunjika, ndani laini, kunde zinanukia, machozi yakanilenga ya kumkumbuka mama.

Sekunde ya nne yakaja machozi mengine.

Masikio ndo yalianza. Sijui kwa nini masikio, yalikuwa yanavuma kama friji bovu. Midomo ikafa ganzi, alafu ikafufuka ikiwa na hasira. Ule mweusi ni pimenta malagueta, pilipili ndogo za kule, ukoo mmoja na pilipili kichaa zetu, zimesagwa zikakaangwa kwenye mawese na kamba wakavu mpaka zikabadilika rangi, na mie nilikuwa na vijiko vitatu vyake mdomoni, na mdomo umejaa, na siwezi kutafuna, siwezi kumeza, na kutema mbele ya mama wa watu kwenye chakula chake sio malezi. Nikainama. Nimeshika magoti. Kanzu imeanza kudondokewa na mawese. Nikaamua liwalo na liwe, natema, nikawa natafuta pa kutemea.

Na ndo yule binti akanikimbilia, ana huruma kweli, kanishika kiwiko, ananyooshea kidole kwenye viti vya plastiki huku anapiga kelele:

"Mesa! Mesa!"

Jamani. Najua mesa ni nini. Nimewafundisha watu wa mji ule kwa wiki mbili mesa ni nini. Lakini mtu akiwa anaungua ndani Kireno kinatoka chote kinabaki Kiswahili, nikasikia mwanamke kaninyooshea kidole ananiamrisha meza, meza, na mie toka utotoni nikipewa dawa nikiambiwa meza, nameza.

Nikameza nusu.

Ikashuka naiona. Niliisikia inapita kifuani, ikageuka kushoto, ikakaa. Nikamtazama binti kwa macho ya kuomba, akaona sijaelewa, akanitikisa mkono, "Mesa, moço, mesa!"

Nikameza iliyobaki.

Nilichokumbuka baadaye ni kwamba nimekalishwa kwenye kiti, yaani mezani, ndo nikafika mesa yenyewe sasa, na watu kama watano wananipepea, mmoja kwa gazeti, mmoja kwa kofia. Mzee mmoja kanisogezea glasi nikaipokea kwa mikono miwili nikaipeleka mdomoni nikasikia harufu ya bia, nikaikataa kwa kichwa, hata motoni mtu ana msimamo wake. Nikaletewa maji. Nikanywa chupa nzima, na maji ndo yakaongeza, maana ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji unayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo maji yanauhamisha tu toka chumba hiki kwenda kile. Ulimi wote ulikuwa umepata, sasa na koo nalo likapata, na fizi za nyuma kule ambako sikujua kama nina fizi.

Mama mwenyewe ndo alinyanyuka. Kaacha karai, kaacha foleni, kaja na sketi yake ile imejaza njia, kaninyanyua kidevu kama anavyonyanyuliwa mtoto, kanitia kipande cha kitu mdomoni kasema "Cocada." Tamu, nazi, sukari, imeshikana shikana. Nikatafuna huku kamasi zinashuka.

"Kashata," nikasema. Nikaanza kulia upya. "Mama, hii kashata."

Jamaa yangu karudi na madafu mawili kakuta mkutano. Akaniuliza umefanya nini, nikamwambia kwa sauti isiyokuwa yangu, nimeuliza tem piripiri kama ulivyonifundisha, wakasema hakuna. Nikaona sura yake inabadilika. Akayaweka madafu chini taratibu, moja moja.

"Huku hawasemi piripiri. Huku wanasema pimenta."

"Sasa mbona walielewa? Walisema piriri hakuna."

Hapo akashika mti. Kulikuwa na mti, akaushika, akaweka paji la uso kwenye mti, mabega yanacheka yeye hasikiki. Alipopata pumzi akasema, "Kaka, piriri ni kuhara. Umemuuliza mama wa watu, mbele ya wateja wake, kama bajia zake zinaharisha."

Nikakumbuka nilivyozungusha kidole juu ya karai. Nikakumbuka nilivyojishika tumbo.

"Na quente?"

"Quente ndo na pilipili. Frio ndo bila pilipili. Wanaulizwa wote hivyo, kila siku."

"Na muito?"

Hakujibu. Akanipa dafu langu.

Nikamwambia mueleze, mwombe radhi, mwambie na mie mama yangu ni muuza bajia. Akaenda akamwelezea yote, pilipili, Msumbiji, Tanga, meza. Nikawa naangalia uso wa mama kwa mbali. Kwanza ulikuwa umefunga. Lilipofika la meza akapiga kofi pajani, shanga zote zikaruka, na binti naye akaziba mdomo, na foleni ikataka kuelezwa na yenyewe, ikaelezwa, ikacheka, yule mzee wa bia akacheka mpaka akaishiwa nguvu. Mama akaniita "Ê, meu rei!" akanikaangia nyingine, akainyanyua juu watu wote waone, akatangaza: "Fri-o!"

Na ile ya frio sasa, bila uadui, nilikula nikafumba macho. Mimi simsaliti mama yangu, ila yale mawese yanafanya kitu ambacho mafuta ya alizeti hayawezi. Nikala ya pili. Alafu nikaona abará, unga uleule umefungwa kwenye jani la mgomba ukachemshwa, nikala na hiyo. Na juisi ya miwa juu yake. Tumbo la mtu ambaye hajawahi kunywa mawese maishani, limetoka kuungua, linapokea ya tatu na ya nne. Mnaona tunakoelekea.

Saa tisa usiku nikaamka.

Asubuhi nimesimama duka la dawa nimeshikilia kaunta, na dada anaongea ananiuliza shida nini, na katika Kireno chote nilichofundishwa na programu, somo la kwanza mpaka la kumi na tano, kahawa, maziwa, hoteli iko wapi, neno nililoweza kulitamka bila lafudhi, safi kama mzaliwa, lilikuwa moja tu. Nikalisema kwa sauti ya chini. Dada akanitazama, akaitazama kanzu yangu ambayo doa la mawese halikutoka na mpaka leo halijatoka, akasema "Dendê, né?" Hayo ndo mawese kwa lugha yao. Akanipa vipakiti vya maji ya chumvi na sukari na kuniambia ninywe madafu.

Wiki iliyofuata nikarudi Rio Vermelho. Safari hii kuna kazi, mama Tanga kashasikia habari na kasema haamini kama kuna mtu nje ya Tanga anajua bajia za kunde, anataka aone kwa macho yake, kwa hiyo nikapiga vidio koli. Kule saa kumi na moja jioni, Tanga saa tano usiku, kakaa mkekani anachambua kunde za kesho, miwani imeshuka puani. Nikamgeuzia simu. Mama Baiana akapunga mkono akasema "Oi, minha rainha!", mama akasema "Pole na kazi mwenzangu", hakuna aliyemuelewa mwenziwe na wote wakaendelea kuongea.

Mama akasema mwambie anioneshe unga. Nikaonesha kwa ishara. Baiana akachukua mwiko akaupiga, akaunyanyua, unga ukashuka taratibu kama hautaki. Mama kimya. Kimya kirefu, kwa mama hiyo ni heshima. Alafu akasugua vidole, kuuliza maganda umetoa? Baiana akasugua vidole kujibu, yote, kwa mkono, akaonesha na kucha zake. Mama akavua miwani akasema, "Huyu kapiga unga." Maishani mwangu sijamsikia akisema hivyo kwa mtu yeyote, hata shangazi yangu alikufa bila kuambiwa.

Akaniuliza, "Na hilo doa kwenye kanzu?"

Nikasema mama mtandao unakatika.

Akasema haya, wewe ushakula? Nikasema nishakula. Sasa mama yangu kwenye simu anaamini Brazil ni mbali kwa hiyo lazima apaze sauti ifike, akashika mikono mdomoni akauliza, uwanja mzima ukasikia:

"HAKUTIA PILIPILI?"

Baiana aligeuka mwiko ukiwa mkononi. Akaitazama simu. Akanitazama mie.

"Piriri?! De novo?!"